Wageni wa Kaskazi

Mbwa wangu anaitwa Bosi. Ni mbwa wa kienyeji, rangi yake ya mchanga mkavu, sikio moja limekatika ncha, na kazi yake tangu akiwa mdogo ni kulinda mahindi. Shamba letu liko ndani kidogo kutoka barabara kuu ya Malindi, na kila mkulima wa huku anajua kwamba mahindi yakianza kukomaa, asiye na mbwa huwa anawalimia nyani na tumbili. Basi Bosi tulimfunza jambo moja tu: akiona viumbe wamekusanyika mahali wametulia, awatawanye. Akishawatawanya husifiwa, hupapaswa mgongoni, na jioni hupata ukoko wa sima.

Mwezi wa kwanza, miaka miwili iliyopita, nilimchukua tukashinda naye kwenye mlango wa mto Sabaki kutazama ndege. Tulipanda tuktuk asubuhi kutoka Malindi, dereva akamkubali mbwa kwa sharti kwamba akae miguuni pangu, tukavuka daraja, tukashuka kijijini, tukakata kwa miguu hadi kwenye vilima vya mchanga. Asiyepajua mahali pale avute picha hii: mto umetoka mbali, huko juu ukiitwa Athi, ukapita Tsavo ukawa Galana, na sasa unafika baharini kwa jina la Sabaki, mwekundu kwa udongo wa bara. Hapo mdomoni umetandaza matope mapana na mafungu ya mchanga, na kandokando mikoko michanga inashika mizizi. Kaskazi inavuma tangu asubuhi, na mchanga unakuchapa vifundoni.

Ilikuwa siku ya bamvua. Wavuvi hawahitaji kuelezwa, lakini kwa msomaji wa bara niseme: kwenye pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, na hujaa tena karibu saa kumi jioni. Kati ya kupwa na kujaa bahari hupanda hadi mita 4 hivi. Asubuhi ile matope yalikuwa wazi hadi upeo wa macho, na ndege walikuwa wametapakaa juu yake kama punje za mpunga kwenye jamvi. Bosi alikimbia huku na huku, akanusa makombe, akafukua kaa. Ndege walimpisha tu, wakatua hatua chache mbele, wakaendelea kula. Nikaona hakuna neno.

Saa tisa mambo yalikuwa mengine. Maji yalirudi kwa kasi, yakameza matope kipande kwa kipande, na wale ndege waliokuwa wametapakaa maili nzima wakasukumwa hadi wakabaki na fungu moja la mchanga, labda upana wa viwanja viwili vya mpira. Wote walikuwa pale: buabua mbele karibu na maji, vitwitwi nyuma yao kwa mamia, sululu wachache wamesimama kwa mguu mmoja, midomo yao mirefu iliyopinda wameificha mgongoni. Wote wameelekea upande mmoja, kule upepo unakotoka. Palikuwa kimya. Nilikuwa nimeinua darubini tu ndipo nikamwona Bosi, mbali kule, ameinama kifua hadi chini.

Aliona viumbe wamekusanyika mahali wametulia. Akafanya alivyofunzwa.

Sauti ya mabawa elfu yakifunguka kwa mpigo mmoja ni kama shuka zito linalochanwa. Kundi lilipanda, likageuka, upande mmoja jeupe, upande wa pili jeusi, likazunguka juu ya mawimbi, likarudi kutua. Bosi alikuwa bado pale. Likazunguka tena. Mara ya tatu vitwitwi walikata tamaa, wakaelekea upande wa Mambrui wakiruka chini kabisa juu ya maji dhidi ya upepo, hadi nikawapoteza. Bosi akarudi kwangu mbio, ulimi nje, mkia unapiga, akakaa mbele yangu akisubiri sifa zake.

Karibu nasi palikuwa na mzee akitengeneza wavu. Alikuwa ameyaona yote. Hakukasirika. Aliniuliza, "Mwanangu, huyo wako amekula leo?" Nikamjibu, amekula mzee, asubuhi kabla hatujatoka. Akavuta uzi, akaukata kwa jino, akasema, "Basi hao bado."

Nimeandika wito huu kwa sababu ya maneno hayo mawili ya mwisho. Nawaandikia wenye mbwa wenzangu wa pwani, kutoka Lamu hadi Mtwara, na yeyote mwingine ambaye huenda ufuoni na mbwa siku ya mapumziko. Ninachoomba ni kidogo. Ninaomba kamba.

Kwanza tuwajue wageni wenyewe, maana ukishamjua mgeni anakotoka huwezi kumtendea vivyo hivyo. Wakati huku kaskazi inavuma na sisi tunatafuta kivuli, kule wanakotoka ni kipupwe kikali. Mwambao wa kaskazini ya Siberia umeganda, matope yamekuwa mawe, hakuna mdudu wala mnyoo unaofikika. Kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini, ambaye kwenye Sabaki ni mmoja wa wale walio wengi zaidi, alizaliwa huko, kwenye nyanda zisizo na mti, kwenye kiangazi cha wiki chache ambacho jua lake halizami. Vitwitwi wanene wanaokimbia na kusimama, kukimbia na kusimama, wao wametoka majangwa na milima ya Asia ya Kati. Wanaanza kutufikia mwezi wa nane, wanazidi kadiri miezi inavyokwenda, na kufikia mwezi wa nne au wa tano wakubwa wote wameshaondoka.

Yupo mmoja ambaye ningependa kila mtoto wa pwani amjue. Ni mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya samawati hafifu, na mdomo mnene mweusi kama koleo. Chakula chake ni kaa, hivyo nitamwita mla kaa. Hazaliwi Siberia huyu. Anazaliwa kwenye visiwa na fukwe za moto za Bahari ya Shamu, Ghuba ya Uajemi, Omani na Somalia, na badala ya kujenga kiota juu ya ardhi, anachimba shimo mchangani kama panya, anataga yai moja tu jeupe, na joto la ardhi linamsaidia kuliatamia. Mtoto wake huchelewa kujitegemea. Nenda Mida, kwenye ghuba ya mikoko karibu na Watamu, utamwona kinda mkubwa kama mzazi wake anamfuata nyuma akiomba alishwe, na mzazi, aliyeruka bahari nzima pamoja naye, anamchambulia kaa. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilikaa chini kwenye matope bila kujali suruali.

Sasa rudi kwa yule kitwitwi wa Siberia. Akiwa hana akiba ya mafuta mwilini, uzito wake ni gramu 55 hivi, sawasawa na yai la kuku. Kabla ya kuondoka mwezi wa nne huwa amepita gramu 80. Hiyo nyongeza yote ni mafuta ya safari, na yote ameyaokota mojamoja kwenye matope yetu: minyoo, makombe madogo, kaa wasiozidi ukucha. Ncha ya mdomo wake ina hisia kama ncha ya kidole cha fundi. Anaudidimiza topeni akasikia kilichojificha bila kukiona. Lakini meza yake hufunikwa na bahari mara mbili kila siku. Anakula maji yakipwa, iwe mchana iwe usiku. Maji yakijaa anasimama kwenye fungu la mchanga, anafunga macho nusu, anameng'enya, anasubiri.

Huu ndio wakati ambao sisi tunakuja. Siku za bamvua, asubuhi matope yako mbali na yananasa miguu, watu wengi hawayapendi. Jioni maji yako karibu, jua limepoa, ni saa ya kutembea, watoto wanarusha mpira, na mbwa anafunguliwa. Kwetu sisi bahari ni nzuri kuliko wakati wowote. Kwa ndege, ndiyo saa ambayo amebakiwa na mahali pamoja tu pa kusimama. Akifukuzwa hapo hana pengine karibu, na kila mzunguko anaoruka angani anautoa kwenye yale mafuta ya safari. Akifukuzwa mara moja atajazia. Lakini sisi ni wengi, na jioni ni nyingi. Jumamosi ni mbwa wangu, Jumapili ni wako, Jumatatu ni wa mgeni wa hotelini.

Kuna watu huniambia: mbona mimi nikipita karibu hawaruki, na mbwa akiwa mbali bado wanaruka? Jibu liko kule walikozaliwa. Kwenye nyanda za kaskazini adui mkubwa wa kiota ni mbweha mweupe. Chakula chake cha kawaida ni panya wa barafuni, lakini panya hao huongezeka na kupungua kwa mizunguko ya miaka. Wakiadimika, mbweha hugeukia mayai na makinda ya vitwitwi, na upo mwaka ambao karibu makinda wote huisha. Ndege aliyevuka utoto ule na kutufikia hapa, amevuka kwa kumjua mbweha. Miguu minne, masikio yaliyosimama, mwendo wa kunyatia. Bosi wangu, mlinzi wa mahindi, mlaji wa ukoko, machoni pao ni yule yule.

Simlaumu Bosi. Kosa lile lilikuwa langu, na kama una mbwa anayependa kukimbiza ndege, lililo lako ni kosa dogo lenye dawa rahisi: kipande cha kamba cha mita mbili.

Wakati wenyewe ndio huu, si kesho. Oktoba 2024 orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini ilitolewa upya, na ndani yake walikuwamo wageni wetu wa Sabaki na Mida. Yule kitwitwi wa mdomo uliopinda alipandishwa daraja la hatari. Akapandishwa na yule wa kijivu mwenye macho makubwa, ambaye akiruka utamjua kwa doa jeusi kwapani. Mwaka uliotangulia alihesabiwa kuwa hana shida. Hata yule mfupi mwenye miguu ya rangi ya chungwa, anayepindua mawe na makombe kutafuta chakula, ameingizwa kwenye walio karibu na hatari. Sababu ni nyingi na ziko kwenye njia yote: fukwe zinazofukiwa ili zijengwe, uwindaji, na tabianchi inayovuruga kiangazi cha kaskazini. Wapo waliokwisha kabisa. Sululu mwembamba, ndugu wa sululu hawa wetu, alionekana kwa uhakika mara ya mwisho nchini Moroko mwaka 1995. Watu walimtafuta miaka 30. Oktoba 2025 alitangazwa rasmi kuwa ametoweka duniani.

Mimi na wewe hatuwezi kuzuia barafu isiyeyuke wala bandari isijengwe nchi ya mbali. Lakini fungu la mchanga la Sabaki saa kumi jioni liko mikononi mwetu. Mahali pale pameorodheshwa miongoni mwa maeneo muhimu ya ndege nchini Kenya, ila si hifadhi ya taifa. Hakuna lango, hakuna askari wa kukurudisha. Pana vijana wa kijiji wanaoongoza wageni, wanaowajua ndege kwa sauti kabla hawajawaona, na pana sisi tunaokuja.

Nimesema kamba, na niongeze kwamba ndege si sababu pekee. Tunaishi pwani, pamoja na majirani ambao wengi wao ni Waislamu. Mtu ametoka kutawadha anaelekea kuswali alasiri, mate ya mbwa wako yakimgusa umemrudisha nyuma. Mvuvi ameanika nyavu zake, mama ametandaza dagaa wake. Mbwa aliyefungwa kamba hupita na watu wakakusalimia; aliye huru hukufanya uombe radhi njia nzima. Sabaki kwenyewe pana viboko karibu na mlango wa mto, na mamba hawako mbali. Nimewahi kuona nyayo mbichi za kiboko mahali pale pale ambapo Bosi alikuwa amekunywa maji. Tangu siku hiyo nabeba maji yake kwenye chupa ya lita moja na nusu, na bakuli la plastiki.

Haya tunayoombana si mageni kwingine. Kusini ya Uingereza, kwenye mwambao wa Solent, kuna walinzi wanaopita ufuoni miezi ya baridi, na sehemu kubwa ya kazi yao ni kuzungumza kwa upole na wenye mbwa: mwite, mfunge, pitia huku juu. Ndugu zetu wanaoishi huko na wana mbwa, mkienda baharini siku ya baridi na makoti yenu, hao ndege mnaowaona kwenye tope la kijivu ni jamaa wa hawa wetu. Na ndugu zetu wa Omani, Waswahili wa Maskati na Sur, ninyi mna Barr Al Hikman, matope mapana ambako zaidi ya ndege nusu milioni wa aina hii hupitisha miezi ya baridi, yule mla kaa akiwamo kwa wingi. Mla kaa anayesimama Mida leo, huenda shimo alilozaliwa liko upande wenu. Wazee wetu walisafiri kwa kaskazi na kurudi kwa kusi kati ya pwani hizo mbili. Ndege huyu bado anaifuata njia hiyo, na hajawahi kuhitaji hati.

Dar es Salaam nako, pale Daraja la Salenda ambapo Msimbazi unaingia baharini, magari yanapita juu na vitwitwi wanakula chini. Ukiishi karibu na hapo au Kunduchi au Kigamboni, huna haja ya kusafiri hadi Malindi kuwaona. Ya Zanzibar, Tanga, Rufiji na Mafia sitayaeleza, wenyeji mnayajua kuliko mimi.

Jinsi ya kuitumia siku, nieleze ninavyofanya siku hizi, na wewe utapanga kwa kwako. Naangalia mwezi kwanza. Ukiwa mwandamo au mpevu, najua ni bamvua na asubuhi matope yatakuwa wazi. Kila siku inayofuata maji huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo nahesabu. Tunafika saa mbili, jua halijakuwa kali na mchanga haujachoma nyayo za mbwa. Bosi yuko kwenye kamba tangu tunashuka tuktuk. Mwanzo alinivuta hadi kiganja kikachubuka. Safari ya tatu alielewa kwamba kamba ya bahari ni kazi nyingine na shamba ni kazi nyingine, na sasa tukikaribia vilima vya mchanga anatembea pembeni mwa goti langu mwenyewe.

Tunakaa. Hili ndilo jambo gumu zaidi kwa binadamu na kwa mbwa, na ndilo linalolipa zaidi. Ukitembea kuwafuata ndege utaona migongo yao. Ukikaa chini mahali pamoja, maji yakianza kupanda watakujia wenyewe, maana bahari inawasukuma kuelekea kwako. Mwezi wa tatu mwaka huu tulikaa nyuma ya gogo lililoletwa na mafuriko ya mto, Bosi amelala kidevu juu ya kiatu changu, na kitwitwi mmoja akasogea hadi hatua sita. Nilimwona vizuri kuliko niwezavyo kumwona kuku wangu. Manyoya ya kifua, ambayo kaskazi nzima huwa meupe, yalikuwa yameanza kuchomoza mekundu, doa hapa, doa pale, rangi ya tofali. Hilo ndilo vazi lake la kurudi nyumbani. Alididimiza mdomo hadi machoni, akautoa na mnyoo mwembamba kama uzi wa kushonea, akausuuza kwenye dimbwi, akaumeza, akaendelea. Bosi alimtazama. Masikio yalisimama. Niliweka mkono mgongoni mwake nikasikia moyo wake ukienda mbio. Hakuinuka.

Ukiwa karibu nao, watazame vichwa. Wakiwa wanakula au wamelala, uko mahali sawa. Wakiacha kula, wakinyoosha shingo, wakianza kutembea wote upande mmoja, wamekwambia simama. Rudi nyuma hatua kumi uone watakavyotulia. Na maji yakishajaa, fungu walilosimama liache lote. Pitia juu, karibu na vilima, hata kama njia ni ndefu zaidi. Mida ni tofauti: ghuba ile imo ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyotengwa mwaka 1968, na huko mbwa abaki nyumbani. Nenda na mtoto badala yake, mpeleke kwenye daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia.

Naomba kamba hiyo isivuliwe kaskazi ikiisha. Ndege wengi wachanga hawaondoki na wazazi wao mwaka wa kwanza; hubaki huku kusi nzima, hadi watakapokomaa. Na kusi ina mgeni wake Sabaki, ndege wa kahawia arukaye kama mbayuwayu, ambaye huzaliana Madagaska peke yake na kuja kupumzika kwenye mchanga ule ule. Naye anahitaji utulivu ule ule.

Jambo moja zaidi, kwa wale ambao wakishatazama hupenda kufanya. Kila Januari, tangu mwaka 1967, watu wa nchi nyingi huwahesabu ndege wa maji, na Afrika iliingia kwenye hesabu hiyo mwaka 1991. Ni kwa hesabu za namna hii, zilizorudiwa mwaka hadi mwaka na watu wenye darubini za kawaida na daftari, ndipo inapoonekana nani anapungua. Huhitaji shahada. Unahitaji macho, subira, na mtu wa kukuonyesha mara ya kwanza. Huko Watamu, watu wa shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya wamekuwa wakiwavisha ndege wa Mida pete ndogo miguuni na kuwaachia. Ukimwona mwenye pete, andika mguu gani, rangi gani, siku gani, uwapelekee. Walimu wa Malindi, Gede, Kilifi, wanafunzi wenu wako kilomita chache tu kutoka somo la jiografia ambalo ramani haiwezi kulifundisha.

Na wenye hoteli na nyumba za kupangisha zinazotazama bahari: wageni wenu wengi wanawapenda mbwa na wanawapenda ndege, na hawajaambiwa tu. Karatasi moja ya saa za maji kujaa, ibandikwe karibu na mlango wa kutokea ufuoni, na kamba mbili tatu zitundikwe kwenye msumari. Gharama yake haifiki bei ya chakula cha mchana.

Yule mzee wa wavu tumekuwa tukionana. Safari ya mwisho alimwita Bosi kwa jina, kwa mbali, kama ada yake, kisha akanionyesha fungu kwa kidevu. Maji yalikuwa yamejaa. Walikuwa wote pale, mguu mmoja, vichwa mgongoni, wameelekea upepo. Tulikaa nao hadi jua likazama na maji yakaanza kupwa, wakashuka wachache wachache kwenye tope la kwanza lililofunuka, wakaanza kula gizani.

Kaskazi ikirudi, Jumamosi ya bamvua ya kwanza mwezi wa kwanza, sisi tutakuwa nyuma ya gogo lile, upande wa vilima, kuanzia saa mbili asubuhi. Njoo na mbwa wako. Njoo na chupa ya maji na kofia. Ukisahau kamba usirudi nyumbani, ya ziada ninayo.